Taharizi za Zuena

Kisiwani Juani wanawake wengi wanajua kuimba, lakini mwanzishaji ni mmoja. Zuena binti Kombo ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa kikundi cha kaswida cha wanawake wa pale, na kazi hiyo hakupewa kwa kuhurumiwa wala kwa ukoo. Alipewa kwa sababu akifungua kinywa, mwenye kukuna nazi huachia mbuzi, na mtoto anayelia hunyamaza asikilize ni nani huyo anayemshinda. Watu wa Chole, kisiwa cha jirani, walikuwa wakisema kwamba upepo ukitoka kusini hawana haja ya kualikwa, wanamsikia wakiwa kwao barazani. Watu wa Juani walipoambiwa maneno hayo walijifanya hawakuyasikia, ili yarudiwe.

Alikuwa na miaka ishirini na kitu. Mabega yake yalikuwa mapana, mikono minene, kifua kimejaa na nyonga zimetulia. Umbo hilo hakulitafuta. Lilitoka upande wa baba yake, na lilikuwa vilevile kwa shangazi yake Biubwa, aliyemlea yeye na mdogo wake Nasma tangu mama yao alipofariki. Ukiwaona shangazi na mpwa kwa nyuma, wanateremka pwani kwenda kwenye mashamba yao ya mwani, usingejua yupi ni yupi mpaka mmoja akugeukie.

Shida ilianzia kwenye maulidi ya mwaka uliopita. Binti mmoja mgeni aliwarekodi kwa simu, akaiweka video mtandaoni, ikatembea. Watu wengi waliandika mashallah. Mmoja, asiyejulikana kwao wala kwa sura, akaandika: "Sauti nzuri, ila hilo kabati la mbele limewaziba wenzake." Chini yake wengine wakaweka vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Zuena alizisoma mashallah zote, zikampita. Neno kabati likabaki. Alilala nalo, akaamka nalo, akawa akipita mbele ya kioo cha Nasma anageuza uso upande wa dirisha.

Mwaka huu mfungo sita ulipokaribia, Juani walialikwa mjini Kilindoni kufungua maulidi ya wanawake. Hawakuitwa kusindikiza, waliitwa kufungua, mbele ya vikundi vya Mafia nzima. Mwalimu wao, Bi Jokha, alitangaza habari hiyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, lakini kila aliyekuwapo alimwona akirekebisha ushungi wake mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ikaamuliwa washone sare. Kitambaa cha zambarau kikaagizwa Dar es Salaam, kikaja, kikapelekwa kwa Fundi Awadh.

Huyu Fundi Awadh ni mzee ambaye babu yake alitoka Manga, Uarabuni, naye alishika desturi za zamani katika kazi yake. Hakumtia mwanamke wa watu utepe mwilini. Mwanamke akitaka kushonewa hupeleka gauni lake linalomkaa vizuri, fundi hulitandaza mezani, akalipima, akakata kwa mfano huo. Desturi hiyo ilikuwa na heshima yake, na miaka yote haikumletea matata, kwa kuwa haikumpitia mtu yeyote akilini kwamba mwanamke atapeleka gauni la mwenzake.

Zuena alikwenda kwa jirani yake Safia, msaidizi wake wa sauti katika kikundi, msichana mwembamba ambaye hata akivaa kanga mbili unauona mfupa wa bega.

"Niazime lile gauni lako la maua," akamwambia.

Safia akamtazama kuanzia juu mpaka chini. "La nini, shoga? Kwako litakuwa leso ya kufutia jasho."

"Nataka kumwonyesha fundi shingo yake ilivyokatwa."

"Basi lichukue. Afadhali nalo likatembee na mtu mwenye mwili. Hapa kwangu linaning'inia tu, nakunywa uji wa maziwa kama mzazi aliyejifungua jana na sinenepi hata kucha."

Zuena hakucheka. Alilikunja gauni lile, akampa Nasma alipeleke kwa Awadh, na akamwambia aseme ni mfano wa Zuena.

Hesabu yake ilikuwa moja tu. Mpaka maulidi yafike, yeye awe ameingia ndani ya gauni hilo. Akaanza kunywa maji ya moto na limau asubuhi, akaacha wali usiku, na kwenye duka moja Kilindoni akanunua mkanda wa kubana tumbo, mpana, wa kuvutika, wenye kulabu nyingi mbele. Aliuvaa chini ya dera kutoka alfajiri mpaka isha. Shangazi Biubwa akimuuliza mbona anakaa wima kama mgeni, alijibu kwamba mgongo unamsumbua.

Mkanda ulibana tumbo, na ulibana vingine pia. Katika kaswida waliyopanga kufungulia, uko mstari mmoja mrefu unaoimbwa kwa pumzi moja kutoka chini kwenda juu, na mwanzishaji akiukata katikati, wapiga dufu hupotea na waitikiaji hawajui pa kuingilia. Mstari huo Zuena alikuwa akiuimba huku anaokota mwani. Sasa, mazoezini, ukamkatikia. Akaanza tena, ukamkatikia palepale. Dufu zikanyamaza moja moja.

"Sauti yako umeiacha wapi?" Bi Jokha akamuuliza.

"Mafua, mwalimu."

"Mafua gani hayo hayapigi chafya?" Bi Jokha alimsogelea, akaongea polepole ili wengine wasisikie, ingawa wote walisikia. "Zuena, mimi nakupenda, lakini Kilindoni siendi kuaibisha Juani. Mazoezi ya mwisho ni Alhamisi. Ukiukata mstari Alhamisi, Safia ataanzisha, wewe utakaa nyuma uitikie."

Safia akainua mikono. "Mwalimu, usinitie mie kwenye moto. Sauti yangu ni ya kuitikia, mnaijua."

"Itabidi ijifunze."

Zuena aliondoka pale na maneno mawili yanagombana kichwani mwake. Kukaa nyuma ndiko alikokuwa akikutaka tangu video ile. Nyuma hakuna simu, na kabati halimzibi mtu. Lakini alipofikiri mtu mwingine akiufungua mstari ule mbele ya Mafia nzima, na yeye yupo, mzima, anaitikia, hilo nalo hakuweza kulikubali.

Siku moja kabla ya Alhamisi hiyo magauni yakafika. Nasma alileta la dada yake, limepigwa pasi, limekunjwa. Kwa kweli Awadh alikuwa ameshona. Shingo ilikaa, mikono ilishuka vizuri, na mshono ulikuwa mdogo, umenyooka. Zuena alifunga mlango wa chumba, akakaza mkanda mpaka kulabu ya mwisho, akainua mikono, na Nasma akamvisha.

Gauni lilipita kichwa. Lilifika mabegani, likakataa.

"Toa pumzi," Nasma akasema.

"Nimeshatoa."

"Toa nyingine."

Wakavuta, huku Nasma akiusukuma mkono wake mmoja kama anayetia mto kwenye foronya ya mtoto. Mwisho likateremka nusu, likakaa. Zuena alisimama mikono imekwenda mbele, hawezi kuishusha. Akajaribu kuvuta hewa kidogo tu, ya kuishi. Chini ya kwapa ikasikika sauti ya uzi, kisha ya uzi mwingine, na ubavu wote wa kushoto ukafunguka.

Nasma aliziba mdomo. Zuena akakaa kitandani, gauni limemning'inia, akaanza kulia kimyakimya. "Siingii," akasema. "Nimefanya yote na bado siingii."

Mlango ukasukumwa. Shangazi Biubwa aliingia amebeba kuni zake mikononi, kwani kamba ilikuwa imemkatikia ukumbini na alikuja kutafuta nyingine. Alipomwona Zuena alitua kuni palepale.

"Nani kakuvika nguo ya mtoto?"

"Ni yangu, shangazi. Ya maulidi."

Biubwa akalishika gauni, akaugeuza ubavu uliopasuka, akautazama kama mtu anayekagua samaki. "Hii? Hii haikutoshi."

"Mimi ndiye nisiyeingia."

"Nasema nguo haikutoshi. Kitambaa kidogo. Awadh kazeeka, macho yamekwisha." Kisha akauona mkanda, kwa kuwa Zuena alikuwa amefungua kulabu ili apumue. "Na huu ndio mkanda wako wa mgongo? Hebu, nami mgongo wangu unaniuma tangu Jumatatu."

Kabla Zuena hajasema neno, shangazi alikwisha kuuchukua, akauzungusha kiunoni juu ya kanga, akavuta ncha hii, akavuta ncha ile. Hazikuonana. Akageuka upande mwingine, akajaribu tena kwa subira, bado. Nasma alikuwa ameuelekeza uso ukutani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Nao haunitoshi," Biubwa akasema, bila hasira wala haya. "Watu wa siku hizi wanashona vitu vidogo vidogo, sijui wanamshonea nani." Akaupima urefu kwa mikono, akauvuta, akaona unavutika, akafurahi. Kisha akainama, akazifunga kuni zake kwa mkanda ule, akakaza kulabu, akaunyanyua mzigo kuujaribu. "Kwa hili unafaa. Mzuri huu." Akatoka nao.

Zuena alibaki ameutazama mlango. Machozi yalikuwa yamekauka bila yeye kujua. Mkanda aliouvaa kwa mateso asubuhi mpaka usiku ulikuwa unakwenda jikoni umezikumbatia kuni, na aliyeupeleka huko hakuona kwamba amefanya jambo. Mkanda haukumtosha, basi. Maneno hayo Zuena alikuwa ameyasikia tangu utotoni, kila mtu huyasema, na yeye mwenyewe alikuwa akiyasema: kiatu hakinitoshi, shuka halinitoshi. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mguu ndio wenye makosa. Ni lini basi yeye alianza kuyasema kinyume?

Akamfikiria shangazi yake. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona Biubwa mbaya. Alipokuwa mdogo alilala juu ya mkono ule mnene, na mvua ya masika ikipiga makuti alijibana kwenye ubavu ule mpana, akijua hakuna kitakachompata. Biubwa akiingia kwenye shughuli, watu husogea wenyewe kumpa nafasi, naye huikalia nafasi yote bila kuomba radhi, na jamvi zima huchangamka. Umbo lile Zuena alikuwa akilipenda miaka yote lilipokuwa kwa mwenzake. Lilipokuja kwake yeye akalifunga kwa kulabu.

Alijitanda kanga, akalichukua gauni, na lile la maua la Safia, akaenda kwa Awadh.

Fundi alikuwa anatia uzi kwenye cherehani. "Shikamoo, baba," Zuena akamwamkia.

"Marahaba, binti Kombo. Limekukaa?"

"Limepasuka."

Mzee akavua miwani, akaivaa tena. "Kazi yangu haipasuki."

"Kazi yako haina kosa. Mfano ndio haukuwa wangu. Huu ni wa Safia."

Awadh aliyatazama magauni mawili, kisha akamtazama yeye. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukanwa kwa adabu. "Nimeshona hapa tangu baba yako hajaoa," akasema. "Nashona kwa nguo niliyoletewa. Mtu ambaye hakuletwa simjui. Sasa unataka nifanye nini? Kitambaa kimekwisha, cha sare yenu sina hata cha kutengenezea mfuko."

"Kanzu ya mwanamume mwenye kifua unafanyaje?"

"Natia taharizi, hilo nalo swali?"

Taharizi ni vile vipande virefu vya ubavuni mwa kanzu, vinavyoanzia kwapani kwenda chini ili kanzu iwe na nafasi. Kila mwanamume wa pwani anazo, naye anapokwenda Ijumaa na kanzu yake imemkaa hafikirii kwamba ubavu wake umeongezwa.

"Basi nitie taharizi," Zuena akasema. "Na vikwapa, nipate kuinua mikono."

"Kwa kitambaa gani? Nyeusi ninayo. Nikitia nyeusi na ukibana mikono, haitaonekana."

"Ile ya manjano pale juu ni ya nani?"

"Ilibaki harusini kwa Sabri. Lakini manjano kwenye zambarau, binti, mtu ataiona akiwa ng'ambo Utende."

"Niitie hiyo."

"Watauliza."

"Waulize, baba. Mimi nimekwenda kuimba nimebana mikono mwaka mzima. Nimechoka."

Awadh alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa kujivunia kazi yake, na kazi ya kufichwa haikuwa ikimpendeza hata yeye. "Nikitia manjano," akasema polepole, "basi nitaizungusha pia uzi wa manjano kwenye shingo na sijafu za miisho ya mikono, ijulikane ni fundi kataka, si kiraka." Akachukua utepe, kisha akakumbuka desturi yake. Akamrushia Zuena mwisho wa utepe kupitia mezani. "Jipime mwenyewe, unitajie. Na unitajie ukweli."

Zuena akajipima. Alitaja kifua chake, kiuno chake na nyonga zake kwa sauti ya wazi, mlango uko wazi na watu wanapita njiani, na Fundi Awadh akaandika kwa chaki mezani bila kuinua macho.

Alhamisi, bila mkanda, mstari mrefu haukukatika. Bi Jokha alimpa tu ishara mpiga dufu aendelee, na Safia akashusha pumzi kama mtu aliyefutiwa deni.

Siku ya maulidi walivuka mpaka Utende kwa mashua ya Zubery, wakapanda gari mpaka Kilindoni. Magauni ya zambarau yalijaa uwanja. Katikati yake lilikuwamo moja lenye mbavu za manjano, na kila jicho lilikwenda huko kwanza. Wanawake wa Kilindoni walinong'onezana. Mmoja wao, Asmahani, mwenye mikufu kifuani na maneno mdomoni, hakusubiri.

"Shoga, fundi wako kaishiwa na kitambaa?"

"Kaishiwa," Zuena akamjibu. "Mimi sikuishiwa."

Waliokuwa karibu wakacheka, na Asmahani naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa utani, akacheka na kumsogezea kiti. Msichana mwenye simu alikuja mbele, akainua mkono. "Dada wa mbele, sogea kidogo pembeni, wenzako hawaonekani."

Zamani Zuena angesogea hata kabla ya kuambiwa. Sasa aliitazama simu ile, na bado aliiogopa kidogo, hilo hakulikataa. Lakini alikuwa amesimama mahali pa mwanzishaji, na mwanzishaji hana mahali pengine.

"Wewe ndiye wa kurudi nyuma, mwanangu," akamwambia kwa upole. "Rudi mpaka tuenee sote."

Msichana akarudi nyuma, akapanda hata kwenye ngazi ya ukumbi, na wote wakaenea.

Dufu zikaanza. Zuena aliinua mikono yote miwili, taharizi zikafunguka ubavuni, na akavuta hewa mpaka ikafika pale ambapo mkanda ulikuwa hauiruhusu ifike. Mstari ukatoka chini, ukapanda bila haraka, ukakaa juu. Bibi mmoja wa Baleni aliyekuwa akigawa kahawa alisimama na birika mkononi. Waitikiaji waliingia mahali pao, sauti moja, na Bi Jokha, aliyekuwa pembeni, akarekebisha ushungi wake, akaurekebisha tena. Katika safu ya nyuma Shangazi Biubwa alikuwa amekalia viti viwili, anamwambia mwanamke asiyemjua, kwa sauti ya kusikika, "Huyo wangu. Mwili huo ni wetu, sisi wa kina Kombo tuko hivyo." Alisema hivyo kama mtu anayeonyesha nyumba ya mawe aliyoachiwa na wazee wake.

Alasiri walirudi Utende wameshiba pilau, na bahari imejaa. Zubery alikuwa anawapanga watu chomboni.

"Zuena, dada yangu, kaa hapo katikati, chombo kikae sawa. Safia, wewe kaa popote, hata ukipeperuka tutakuokota."

"Wewe mwanamume una maneno," Safia akamjibu. Akaja akakaa karibu na Zuena, akaushika upande wa manjano, akausugua kwa vidole. "Nami nataka zangu."

"Za nini? Zitakupwaya."

"Basi nitamwambia fundi anipunguzie badani, hapa kifuani na mgongoni, nikae kama fito yangu nilivyo. Uji wa maziwa nimeuacha leo, nakuambia, umenichosha."

"Utampelekea mfano gani?"

"Nitampelekea gauni langu, ukinirudishia, mwizi wewe."

Zuena alicheka, kicheko kikubwa cha tumbo zima, mpaka Zubery akasema atamzamishia chombo. Naye akamjibu aendeshe, asitafute sababu. Kisha akakaa vizuri katikati ya mashua, akalitandaza gauni lake pande zote mbili, na wenzake wakasogea wakampa nafasi.